Matembe Wanaokaribia Kutaga na Madini ya Chokaa

  Leo tutazungumza habari za matembe, yaani kuku majike wachanga ambao bado hawajaanza kutaga, na madini ya chokaa wanayohitaji ili watage mayai yenye maganda magumu bila kuidhoofisha miili yao. Wataalamu huyaita madini haya kalsiamu. Mimi nitatumia majina yote mawili. 

Huenda ukajiuliza, kwa nini tuchukue mazungumzo mazima kusemea chokaa tu? Sababu ni hii. Mfugaji aliyenunua vifaranga wa siku moja, wale wa kuku wa mayai, huwalisha karibu miezi mitano bila kuokota hata yai moja. Amenunua chakula, amenunua chanjo, amewasha jiko la mkaa usiku kucha katika majuma ya kwanza ili vifaranga wasife kwa baridi. Fedha yote hiyo imo ndani ya banda inatembea kwa miguu miwili. Halafu, katika muda wa majuma machache tu ambapo tembe anageuka kuwa mtetea, kosa moja la chakula linaweza kuiharibu kazi yote. Kuku anaanza vizuri, anataga mayai ishirini au thelathini, kisha asubuhi moja unamkuta amelala ubavu, miguu haina nguvu, lakini macho yake ni maangavu kabisa. Au unamkuta amekufa na yai limo tumboni. Wengine watakuambia ni mdondo, wengine watakuambia ni kijicho cha watu. Lakini huenda kuku huyo amekufa kwa sababu amemaliza chokaa iliyokuwa ndani ya mifupa yake.

Basi hebu tuanze na yai lenyewe. Ganda la yai la kawaida lina uzito wa gramu 5 hadi 6. Karibu lote ni chokaa, na ndani ya chokaa hiyo mna kalsiamu ipatayo gramu 2. Utasema, gramu 2 ni kitu gani? Lakini sikiliza. Mifupa yote ya kuku mmoja wa mayai, kuanzia kichwani mpaka vidoleni, ina kalsiamu ipatayo gramu 20 hivi. Kwa hiyo kila yai linalotoka linachukua kiasi kilicho sawa na sehemu moja ya kumi ya kalsiamu yote iliyo katika mifupa. Kuku akitaga mayai 25 kwa mwezi, ametoa gramu 50. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya kalsiamu yote aliyo nayo mwilini! Ni wazi basi kwamba chokaa ya mayai haiwezi kutoka mwilini peke yake. Lazima iingie kila siku kwa njia ya mdomo.

Sasa, yafaa pia tujue ni saa ngapi ganda linatengenezwa, maana hapo ndipo penye siri ya jambo hili. Yai moja huchukua muda wa saa 24 hadi 26 kutengenezwa. Katika muda huo, karibu saa 20 ni za kulivisha ganda tu. Kuku wengi hutaga asubuhi. Baada ya kutaga, yapata nusu saa hivi, kiini kingine huanza safari yake. Ikifika alasiri, yai hilo jipya limekwisha fika mahali pa kuvalia ganda, na kazi kubwa hufanyika usiku. Lakini usiku kuku amelala kitagoni, hali kitu. Je, chokaa anaipata wapi?

Anaipata mahali pawili. Mahali pa kwanza ni katika firigisi. Kama jioni alikula chembe kubwa kubwa za chokaa, chembe hizo hukaa katika firigisi zikiyeyuka polepole usiku kucha. Chokaa laini kama unga haikai, inapita upesi na nyingine hutoka na kinyesi. Mahali pa pili ni ndani ya mifupa. Majuma mawili hivi kabla ya yai la kwanza, mwili wa tembe huanza kujenga mfupa wa namna ya pekee katika uwazi ulio ndani ya mifupa, hasa ile mirefu ya miguu. Jogoo hana mfupa huo, na kifaranga hana. Mfupa huo ni kihenge cha chokaa. Usiku kuku huchota humo, na mchana akila huweka tena.

Kihenge kikiwa kimejazwa mapema na kikawa kinajazwa kila siku, kuku atataga muda mrefu bila shida. Lakini kihenge kikiwa kitupu, kuku haachi kutaga siku ile ile. Mwili wake huendelea kutengeneza yai, na chokaa huanza kuchukuliwa katika mifupa inayombeba. Ni sawasawa na mtu aliyeishiwa kuni akaanza kung'oa nguzo za nyumba yake apate kupikia. Chakula kitaiva siku ya kwanza, kitaiva siku ya pili, lakini nyumba itaanguka. Ndiyo maana nilisema kuku anaanza vizuri kisha analala ubavu. Mayai yale ya kwanza ishirini au thelathini uliyoyafurahia yalitengenezwa kwa nguzo za nyumba.

Mpaka hapo, ndugu mkulima, huenda unasema moyoni: kama ni hivyo, basi mimi nitawapa chokaa tele tangu wakiwa wadogo, kihenge kijae mapema. La, hapana! Hilo nalo ni kosa, tena kosa kubwa. Kihenge hakijengwi kabla ya wakati wake. Tembe wa majuma kumi hana mahali pa kuiweka chokaa ya ziada. Inabidi figo zake ziitoe nje, na figo za kuku mchanga haziwezi kazi hiyo. Zikizidiwa huvimba au husinyaa. Ukimpasua kuku aliyekufa kwa sababu hiyo, unaweza kukuta unga mweupe umetanda juu ya figo, moyo na maini, mfano wa ukuta uliopakwa chokaa. Wengine hawafi wakati ule. Wanakua, wanaanza kutaga, lakini figo zao ni mbovu, nao hufa mmoja mmoja baadaye, na mfugaji hawezi kujua kwamba kosa lilifanyika miezi mitatu nyuma.

Kosa hili hutokea hasa kwa njia moja. Mfugaji ana banda moja, ndani yake mna mitetea wakubwa na matembe wadogo pamoja. Ili asisumbuke, hununua chakula cha kuku wanaotaga na kuwalisha wote. Chakula cha kuku wanaokua huwa na kalsiamu kama sehemu 1 katika 100. Chakula cha kuku wanaotaga huwa na sehemu tatu na nusu mpaka 4 katika 100. Kwa hiyo tembe yule anakula kalsiamu mara tatu au nne ya kiasi chake, na kila siku anapata mzigo huo huo. Chakula cha kuku wanaotaga si kibaya, lakini ni cha kuku wanaotaga. Mtoto mchanga hapewi ugali na nyama kwa kuwa baba yake anakula.

Basi makosa ni mawili: kuchelewa na kuwahi. Na ugumu unaongezeka kwa kuwa matembe hawaanzi kutaga siku moja. Katika kundi la kuku 100 wa umri mmoja, mmoja ataanza akiwa na majuma 18, mwenzake majuma 20, na mwingine mpaka 22. Ukichanganya chokaa nyingi katika chakula cha wote kwa sababu ya yule wa kwanza, unawalazimisha wale wa mwisho. Ukingoja wale wa mwisho, yule wa kwanza amekwisha kuanza kung'oa nguzo. Utafanyaje?

Dawa yake ni nyepesi wala haina gharama kubwa. Waache kuku wenyewe wachague. Weka chokaa ya chembe chembe katika chombo chake peke yake, mbali na chakula. Kuku aliye tayari kutaga hupata hamu ya chokaa, ataifuata mwenyewe, hasa alasiri na jioni. Ambaye hajawa tayari atadonoa kidogo na kwenda zake. Jogoo naye atapita tu. Hapo kila mmoja anakula kwa kadiri ya haja yake, na wewe huna haja ya kumpima kila kuku.

Sasa sikiliza utaratibu wenyewe, hatua kwa hatua. Nasema juu ya kuku wa kisasa wa mayai, ambao kwa kawaida huanza kutaga kati ya juma la 18 na la 20.

Mpaka wafike juma la 16, wape chakula cha kuku wanaokua tu. Usiwachanganyie chokaa ya ziada. Juma la 16 likiingia, ning'iniza chombo cha chokaa ya chembe chembe, nao waanze kukizoea. Katika juma la 17 na la 18, changanya chakula cha kuku wanaokua na chakula cha kuku wanaotaga, nusu kwa nusu. Mchanganyiko huo utakuwa na kalsiamu kama sehemu mbili na kidogo katika 100, na ndiyo kadiri inayofaa kwa kujaza kihenge. Ukianza kuokota mayai 5 kwa siku kutoka kwa kila kuku 100, geuza kabisa, uwape wote chakula cha kuku wanaotaga. Chombo cha chokaa kibaki pale pale, kisiondolewe tena.

Ikiwa unafuga chotara au kuku wengine wanaochelewa, au ikiwa ulinunua matembe sokoni na hujui umri wao, usitazame kalenda, mtazame kuku. Upanga wa kichwani na ndevu za chini ya mdomo huanza kukua na kuwa vyekundu. Ukimkaribia, hakimbii kwa woga kama zamani, bali huinama na kutandaza mabawa kidogo. Utamwona akiingia na kutoka katika viota kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Mshike pole pole, upapase mifupa miwili ya nyonga iliyo karibu na tundu la kutagia. Kwa tembe ambaye bado, mifupa hiyo imebanana. Kwa aliye karibu kutaga, vidole viwili au vitatu hupita kati yake. Ukiona dalili hizo kwa kuku wachache, ujue saa imefika, weka chombo cha chokaa siku ile ile.

Haya, na hiyo chokaa tutaipata wapi? Ndugu zetu wa Pwani hawana shida. Makombe ya chaza, kome na chaza wadogo wadogo yapo ufukoni. Walioko kando ya maziwa yetu makubwa wana makombe ya konokono wa majini. Walioko bara wanaweza kununua mawe ya chokaa yaliyosagwa kwa ajili ya mifugo katika maduka ya pembejeo. Na kila nyumba yenye kuku ina maganda ya mayai. Vitu vyote hivyo vinakaribiana kwa nguvu: kila gramu 100 zina kalsiamu kama gramu 37 au 38. Kwa hiyo usihangaike kutafuta cha mbali. Tumia kilicho karibu nawe, mradi kitayarishwe vizuri.

Makombe ya baharini yaoshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, mara mbili au tatu, maana chumvi nyingi huharibu ganda la yai badala ya kulijenga. Nyama ikiwa bado imo ndani, chemsha na uitoe, usiwape kuku kitu kilichooza. Anika juani mpaka yakauke, kisha twanga kwenye kinu kilichochakaa au ponda kwa jiwe. Chekecha. Chembe zinazofaa ni zile zisizopungua ukubwa wa ulezi wala kuzidi punje ya mtama. Unga laini utakaobaki usiutupe, utachanganywa na chakula. Vipande vyenye ncha kali kama sindano virudishe kinuni.

Maganda ya mayai yasitupwe bandani kama yalivyo. Kwanza yanaweza kuwa na vijidudu vya magonjwa. Pili, kuku akizoea kudonoa ganda lenye sura ya yai, kesho atadonoa yai lenyewe kiotani, na tabia hiyo ikianza huenea kundi zima. Yaoshe, yachemshe kwa dakika kumi au yakaushe juu ya bati la moto, kisha yavunje vunje mpaka yasijulikane tena kuwa yalikuwa mayai. Lakini fahamu kwamba maganda ya jikoni kwako hayatoshi peke yake. Ukifikiri kidogo utaona: mayai mengi umeyauza, na maganda yake yamekwenda nayo.

Sasa nitaje na vile visivyofaa, maana neno hili chokaa limewaponza wengi. Chokaa ya kupaka ukutani si chakula cha kuku. Chokaa iliyochomwa katika tanuru, ile ya kujengea, ni kali, inaunguza mdomo na matumbo ya kuku. Kwa hiyo makombe yako yakaushe tu, usiyatie katika tanuru kama wafanyavyo wachoma chokaa, utayageuza kuwa sumu. Saruji usiijaribu kabisa. Chokaa ya kutilia shambani kupunguza uchachu wa udongo nayo uiogope, kwa kuwa nyingine ina magnesi nyingi, na magnesi ikizidi huwaharisha kuku na kudhoofisha maganda. Ukienda dukani sema waziwazi: nataka chokaa ya kulishia mifugo. Unga wa mifupa ni mzuri na una kazi yake katika chakula, lakini hauwezi kushika nafasi ya chokaa. Una fosforasi nyingi pamoja na kalsiamu, na fosforasi ikizidi huzuia ganda lisiwe gumu.

Tena tusichanganye chokaa na changarawe. Changarawe, yaani vijiwe vigumu, hukaa katika firigisi kusaga chakula kama meno. Haviyeyuki, wala havina faida kwa ganda la yai. Chokaa huyeyuka na kwisha. Kuku wa kufungiwa anayekula punje au majani anahitaji vyote viwili, kila kimoja katika chombo chake.

Chombo chenyewe kisikusumbue. Debe lililokatwa, kopo la mafuta lililosafishwa vizuri, au kipande cha mwanzi mkubwa kilichopasuliwa vinatosha. Kining'inize kwenye usawa wa mgongo wa kuku ili wasikipande wala kukinyea. Kiwe mbali na maji, maana chokaa ikilowa hushikana kama donge na kuku hawaitaki. Kwa kuku 100 weka vyombo viwili au zaidi, kimoja upande huu na kingine upande ule, ili wakali wasiwazuie wanyonge. Hakikisha kila siku ifikapo saa 9 alasiri kuna chokaa ndani, kwa kuwa wakati huo ndio wanaoihitaji kwa ajili ya ganda la usiku.

Kwa ndugu mnaochanganya chakula wenyewe nyumbani, nina neno moja zaidi. Wengi hutia pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa kwa hesabu nzuri kabisa, lakini wakifika kwenye chokaa hutia kopo moja tu kama watu watiao chumvi katika mchuzi. Hiyo haitoshi. Katika kila kilo 100 za chakula cha kuku wanaotaga, ziwe kilo 8 hadi 9 za chokaa ya mifugo au makombe. Ukiweza, nusu iwe unga na nusu iwe chembe chembe. Tuhakiki hesabu. Kilo 9 za chokaa zina kalsiamu ipatayo kilo tatu na nusu hivi. Kuku anayekula gramu 110 za chakula hicho kwa siku atapata kalsiamu karibu gramu 4. Mwili wake hauwezi kuitumia yote. Hutumia kama nusu, yaani gramu 2. Na gramu 2, kama tulivyosema mwanzo, ndilo ganda la yai moja. Umeona jinsi hesabu inavyokaa sawa? Lakini chakula cha matembe wanaokua kisizidi kilo 2 za chokaa katika kilo 100. Andika kwa mkaa kwenye magunia, lipi la wakubwa na lipi la wadogo, ili hata mtoto unayemtuma asikosee.

Jambo jingine, chokaa haifanyi kazi peke yake. Inahitaji vitamini D ili ipenye kutoka matumboni kwenda mwilini. Kuku anayetoka nje huipata kwa mwanga wa jua. Anayefungiwa mchana kutwa lazima aipate katika chakula, kwa hiyo usiache kutia mchanganyiko wa vitamini na madini unaouzwa madukani, na usinunue uliopitwa na muda wake. Maji nayo yawepo wakati wote, safi na baridi. Kuku aliyekosa maji hali, na asiyekula hapati chokaa.

Je, ukiyafanya haya yote na maganda bado ni laini? Usikimbilie kuongeza chokaa. Chunguza kwanza. Wakati wa joto kali, kuku huhema sana kwa mdomo na hula kidogo, na maganda huwa membamba. Hapo tengeneza banda lipate hewa, weka maji kivulini, na uwalishe asubuhi mapema na jioni jua likipungua. Ikiwa mayai yamepungua ghafla, maganda yamekunjamana au yamepauka, na kuku wanakohoa au kukoroma, hiyo huenda ni homa ya njia ya hewa au mdondo, wala si upungufu wa chokaa. Mwite afisa mifugo mara moja. Kuku waliozeeka, waliotaga zaidi ya mwaka, nao hutoa maganda dhaifu kwa sababu mayai yao ni makubwa zaidi, na chokaa ile ile hutandazwa juu ya eneo kubwa. Na yai moja moja lisilo na ganda katika siku za kwanza za tembe ni jambo la kawaida, mwili wake unajifunza kazi. Likiendelea juma la pili na la tatu, ndipo utafute sababu.

Na ukimkuta kuku amelala ubavu asubuhi, hawezi kusimama, lakini ana macho mazuri na bado anapokea chakula? Usimchinje upesi. Mtoe katika banda asikanyagwe na wenzake, mweke peke yake juu ya majani makavu au maranda, kivulini. Msogezee maji na chakula mpaka mdomoni, na chembe za chokaa kando yake. Wengine huinuka baada ya siku chache. Muhimu zaidi, kuku huyo mmoja amekuletea habari za kundi zima. Nenda siku ile ile ukatazame chombo cha chokaa. Kina kitu? Kimelowa? Kinafikiwa na wote? Chakula ulichonunua mara ya mwisho kilikuwa cha kuku wa namna gani?

Wenye kuku wa kienyeji wanaotembea mchana kutwa watauliza: na sisi je? Kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 hivi, kisha hukaa kulalia na kulea. Mwili wake hupata nafasi ya kujaza kihenge. Naye huokota konokono, wadudu na vipande vya chokaa huko anakopita. Mahitaji yake ni madogo, lakini kopo la makombe karibu na banda halimdhuru, na utamsaidia hasa ikiwa unamnyang'anya mayai ili aendelee kutaga. Hapo umemgeuza kuwa mfanyakazi wa kila siku, basi mpe posho ya kila siku.

Tumalizie na fedha. Tuseme una mitetea 100 na unaokota mayai 80 kwa siku. Kama 8 kati yake yana nyufa au maganda laini, ni machache, utasema tutakula nyumbani. Lakini kwa mwezi ni mayai 240, yaani trei 8 nzima. Zidisha mwenyewe kwa bei ya trei hapo kwenu, kisha linganisha na bei ya gunia la chokaa ya mifugo au na kazi ya mtoto kutwanga makombe Jumamosi asubuhi. Na hapo hatujahesabu kuku aliyekufa, ambaye ulimlisha miezi mitano.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, shika mambo haya. Kwanza, usimpe tembe mdogo chakula cha mitetea. Pili, anza kumwandaa majuma mawili au matatu kabla ya yai la kwanza, kwa umri au kwa dalili. Tatu, chokaa ya chembe chembe iwe katika chombo chake, kikavu, kila siku, hasa alasiri. Nne, tofautisha chokaa ya mifugo na chokaa ya ujenzi. Tano, weka daftari bandani, andika mayai yaliyookotwa na yaliyovunjika, maana daftari litakuonyesha shida kabla kuku hajalala ubavu.

Ikiwa matembe wako wana majuma 15 hivi sasa, una juma moja la kutafuta makombe na kutengeneza chombo. Ikiwa wamekwisha kuanza kutaga na chombo hakipo, kiweke leo jioni kabla hawajapanda kulala.